Kwa Kijana wa Kisauni Aliyeambiwa Achague Kipaji Kimoja

Juzi usiku nilipata ujumbe wa kijana wa Kisauni, Mombasa. Ameandika hadithi kumi na nne za majini na mizimu, anachora, na sauti anayo. Harusini ndiye huitwa kusoma utenzi. Ami yake amemwambia mshika mbili moja humponyoka: ashike moja, na akishindwa atafute kibarua bandarini. "Mwalimu," anauliza, "nishike ipi?"

Usichague, mwanangu. Ami yako anasema kweli kuhusu mikono, lakini wewe hukushika vitu viwili. Umeshika hadithi, na hadithi hiyo hiyo yaweza kutoka kwa kalamu, kwa mdomo na kwa rangi. Kinachomponyoka mtu ni kuanzisha kitu kipya kwa kila kipaji: riwaya ya mzimu huku, katuni ya mambo mengine kule, na igizo la redio ambalo halihusiani na yoyote kati ya hizo. Miaka mitatu inapita na hakuna kilichofika ukurasa wa mwisho. Nimewaona wenye vipaji kunizidi wakipotea hivyo, na bado inaniuma.

Basi anza na hadithi fupi moja ya maneno 3,000 hadi 4,000. Ukiisoma kwa sauti, kwa mwendo wa maneno 100 hadi 120 kwa dakika, maneno 3,000 yanachukua dakika 25 hadi 30, kipindi kizima cha redio. Ukiichora inajaza kurasa 20 hadi 24. Ukiitafsiri kwa Kiingereza inavimba, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. "Hakunitambua" kwetu ni neno moja. Kiingereza kinadai matano. Maneno yetu 3,000 huishia karibu 3,800 au 4,000. Mtu anaandika hadithi ya maneno 7,000, anaitafsiri kwa jasho lake, kumbe imevuka 7,500, na huko Marekani huo ndio mpaka unaotumika sana kutenga hadithi fupi na ile iliyo ndefu zaidi. Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika, nayo hutaka maneno kati ya 3,000 na 10,000, na tafsiri ya Kiingereza inakubalika mradi imechapishwa. Hesabu kwanza, ndipo uandike.

Sasa hofu yenyewe. Watu huniambia Kiswahili hakifai kwa hadithi za namna hii, kwamba ni lugha ya mashairi na ya kuhubiri. Hilo linaniudhi. Katama Mkangi, mwana wa Pwani, alitoa riwaya ya Walenisi mwaka 1995, na Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alikuwa ameshatoa riwaya ya Nagona mwaka 1990. Nchi za kubuni na ulimwengu uliopinduka si mambo mageni kwetu. Tena lugha hii ina chombo cha kutisha ambacho wenyewe hatukitumii: ngeli. Soma hii polepole.

"Mtoto aliingia bila kubisha. Akaketi mkekani, akakunja miguu. Bibi akammiminia uji. Kikaupokea kwa mikono miwili."

Hakuna damu wala kelele. Ki- imekaa pahali pa a-, na msomaji amejua kabla bibi hajajua. Lakini chombo hiki kina masharti. Kitumie mara moja tu katika hadithi nzima. Mara ya pili ni mchezo wa maneno. Kitokee wakati hakuna mhusika aliyeshtuka, na usikifafanue kwenye sentensi inayofuata. Usianze na "kitoto" wala "kijana", kwa sababu ki- tayari iko mbele ya neno lenyewe na msomaji atadhani umekosea upatanisho. Mhariri naye atakusahihishia usipomwonya, kwa hivyo mwandikie juu ya muswada kwamba ukurasa fulani, mstari fulani, ngeli imebadilika kwa makusudi. Ukiirekodi, lisome neno hilo kwa mwendo ule ule wa mengine. Anayelivuta "kiiiikaupokea" ameiua kazi yake mwenyewe.

Kuna jambo la kuangalia upande wa tafsiri. A- yetu haisemi mume wala mke. Ikiwa siri ya hadithi yako ni kwamba anayeita dirishani ni mke wa marehemu na si marehemu mwenyewe, Kiingereza kitaifichua kwenye sentensi ya kwanza. Amua mapema kama hadithi ile ni ya kuvuka mpaka au ni ya kubaki nyumbani.

Mandhari tunayo, ila tunaiandika kwa uvivu. Kila wiki naletewa yule mwanamke mzuri wa usiku, mwenye buibui na marashi, dereva akiangalia chini anaona kwato. Kila mtu Mombasa amesimuliwa hiyo na binamu yake. Iache, au ianze pale ambapo wengine humalizia: dereva ameziona kwato, ameshamfikisha abiria, na kesho yake jioni anakwenda mwenyewe kumchukua tena.

Zijue saa za bahari pia. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yetu ni ya bamvua, yanayojaa na kupwa sana, na bamvua hujaa karibu saa kumi, jioni na alfajiri. Hupwa karibu saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Mwandishi anayeweka mbalamwezi ya kumi na nne, saa sita usiku, na mawimbi yakipiga ukuta wa Mama Ngina amempoteza kila mvuvi na kila mtoto wa Likoni. Anayejua atafanya kinyume: ataacha mwamba uwe mtupu saa nne usiku, mtu atembee mbali kutafuta pweza, kisha maji yaanze kurudi nyuma ya mgongo wake. Hapo hofu imeletwa na bahari yenyewe.

Na tafadhali, mzee mwenye mvi asiwe mchawi kwa sababu tu ana mvi. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa tuhuma hizo, mara nyingi nyuma yake kukiwa na shamba ambalo vijana wanalitaka. Ukiandika bibi mwenye macho mekundu akiruka na ungo, unampa mtu panga mkononi. Kama lazima uandike uchawi, mwandike anayemtuhumu. Kuna hadithi ya kutisha kuliko zote katika mjukuu anayelala chumba kimoja na nyanya yake akijua kesho wanakuja kumchukua.

Vivyo hivyo kwa makaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda. Tangu 2008 baadhi yake yamo katika orodha ya urithi wa dunia, lakini kwa wenyewe ni mahali pa ibada. Pahali lilipozikwa fingo, hirizi ya kulinda kaya, si habari ya kuanika kwenye hadithi. Buni kaya yako na msitu wako. Na ajali ya feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994 iliua watu 272; watoto wao ni wasomaji wako. Usiwafanye marehemu wale kuwa mizimu ya kumtishia mtu usingizi.

Tuje kwenye sauti, kwa kuwa wewe unayo na kwa kuwa ndiyo njia rahisi zaidi ya kumfikia mtu asiyenunua vitabu. Mombasa ina adui wanne wa kurekodi: pangaboi, friji, tuktuk na kunguru. Kunguru huanza kabla jua halijatoka, tuktuk hazitulii mpaka usiku umeingia. Saa yako ni kati ya saa tano usiku na saa kumi alfajiri, kabla ya adhana. Zima pangaboi na uchomoe friji, na uweke ufunguo wa nyumba ndani ya friji ili usisahau kuirudisha. Utatoka jasho; kaa na taulo shingoni, na soma kwenye simu iliyozimwa mawasiliano, maana karatasi hunata vidoleni na kila ukiifunua inalia.

Godoro moja lisimamishe nyuma ya maiki na jingine nyuma yako. Leso na mapazia mepesi hayasaidii kitu. Sauti hupenya ikagonga ukuta ikarudi, na utasikika kama umo ndani ya pipa. Mdomo uwe shubiri moja kutoka kwenye maiki, na maiki ielekee pembe ya mdomo badala ya katikati, la sivyo kila p na b itapiga kama kofi. Rekodi kwa mono, faili ya WAV, kilohezi 44.1. Vilele vya sauti visivuke desibeli -3. Sauti ikishapasuka hakuna programu ya kuiponya. Kabla hujaanza, kaa kimya na urekodi chumba kitupu kwa sekunde 30. Kimya hicho ndicho utakachojazia pale unapokata makosa. Ukijaza kimya cha kompyuta, msikilizaji wa spika za masikioni atasikia shimo.

Kosa la wasomaji wa hadithi za kutisha ni kunong'ona mwanzo mpaka mwisho. Mnong'ono una nguvu ndogo, ukiupandisha unapandisha na mngurumo wa chumba, mwisho unapata upepo badala ya sauti. Soma kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani, na uweke kimya cha sekunde mbili mahali ambapo hofu imeingia. Nong'ona sentensi moja.

Katuni nitapita haraka. Ukurasa mmoja, fremu tano au sita. Kiputo kimoja kisizidi maneno 20, na kwa Kiswahili hata 15 yanatosha kwa sababu maneno yetu ni marefu na hukatika vibaya. Chora kwa nukta 300 kwa inchi kama utachapisha, na uache milimita 3 kila upande za kukatwa. Kama ni ya kusomwa kwenye simu, ichore ikishuka chini, upana wa pikseli 800. Jambo la kushtua liweke kwenye fremu ya kwanza ya ukurasa wa kushoto, ili msomaji afunue karatasi ndipo alikute. Ukiliweka ukurasa wa kulia jicho hulidaka kabla ya wakati.

Ukifikisha hadithi kumi, unaweza kutoa kitabu. Saizi ya A5, karatasi ya gramu 80, jalada la gramu 300. Wachapishaji hupanga kurasa kwa mafungu ya 16, kwa hivyo lenga 192 au 208. Ukipeleka 197 utalipia kurasa tupu 11. Jalada lisichorwe kabla idadi ya kurasa haijatulia. Kurasa 208 ni karatasi 104, na kwa gramu 80 uti wa kitabu unakuja karibu milimita 10. Jalada zima lililofunuliwa ni milimita 148 mara mbili, ongeza 10 za uti, ongeza 3 kila upande: 312 kwa 216. Mchoraji akikisia uti wa 7, jina lako litapanda likakaa ubavuni mwa picha, na nakala zote zitakuwa hivyo. Omba nakala moja ya majaribio, uikunje, uipime kwa rula.

ISBN, nambari ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya, na kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja hupata nambari yake. Hewa yetu ni ya chumvi na unyevu: jalada lililopakwa plastiki upande mmoja hujikunja, kwa maana upande wa ndani unanyonya unyevu na wa nje haunyonyi. Weka vitabu vimelala, vimebanwa, juu ya mbao, mbali na ukuta, hasa masika. Usichapishe nakala 1,000 kwa mara ya kwanza. 100 zinatosha kukuonyesha makosa uliyoyaacha.

Hapa sasa nakuomba usome mara mbili. Kipaji kimoja kinaweza kuishi bila mkataba mzuri, vipaji vinne haviwezi. Nilipokuwa na umri kama wako nilitia sahihi karatasi yenye maneno "haki zote" kwa furaha ya kuona jina langu limepigwa chapa. Hadithi ile hata kuisoma redioni siwezi mpaka leo. Sitataja nani. Nataja maneno, uyajue ukiyaona.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ni yako tangu pale ulipoiandika, na haki hiyo hudumu uhai wako na miaka 50 baada yako. Wazo halilindwi, maandishi ndiyo yanayolindwa. Kuihamisha haki au kumpa mtu ruhusa ya pekee lazima kuwe kwa maandishi. Ila kuna mtego: kazi uliyoagizwa kuifanya, sheria huihesabu kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa makubaliano yenu yaseme vingine. Kituo kikikupigia simu kikataka vipindi 13 vya mizimu, ukaandika bila karatasi, wahusika wako wanaweza kuwa wao. Kabla hujaandika kipindi cha kwanza, pata barua, hata ya aya moja, inayosema hakimiliki inabaki kwa mwandishi na kituo kina ruhusa ya kutangaza mara kadhaa zilizotajwa. Mtego huo huo uko ukimlipa rafiki akuchoree, na hapo anayeumia ni yeye. Mkubaliane kwa maandishi.

Kwenye mkataba wa kitabu, toa haki ya kuchapisha kwa Kiswahili peke yake, kwa miaka inayohesabika, mitano au saba. Sauti, tafsiri, michoro, filamu na jukwaa zitajwe kila moja kwa jina kwamba zimebaki kwako. Weka sharti la kurudishiwa haki kitabu kikikosekana madukani kwa miezi 12. Kisha uliza mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala, ni asilimia ya bei ipi. Kitabu cha shilingi 600, asilimia 10 ya bei ya dukani ni 60. Asilimia 10 ya kile mchapishaji anachopokea, ikiwa duka limechukua punguzo la asilimia 35, ni 39. Neno moja la mkataba, shilingi 21 kwa kila nakala. Hapo bado kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, asilimia 5 kwa mkaazi wa Kenya. Dai cheti chake ukiwasilishe kwa Mamlaka ya Mapato, KRA. Mrabaha wa mauzo ya mtandaoni unaotoka Marekani hukatwa asilimia 30 huko huko, kwa kuwa hatuna mkataba wa kodi nao. Weka hilo kwenye hesabu kabla hujaota dola.

Haki ya kwanza nayo hutoka mara moja tu. Hadithi uliyoibandika Facebook, au uliyoitoa kwa vipande kwenye kundi la WhatsApp la watu 200, kwa mhariri wa jarida imeshachapishwa. Atailipa kama marudio, au hataitaka kabisa. Jua unaipa nani mwanzo. Utaratibu unaofaa ni jarida au tuzo kwanza, kisha sauti baada ya muda wa upekee kuisha (mwaka mmoja ni kawaida), kisha michoro, kisha kitabu. Omenana ni jarida ambalo limechapisha hadithi za kubuni za Waafrika, kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ipo tuzo ya miswada mizima ya vitabu, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell na baadaye Safal-Cornell. Soma masharti ya mwaka wenyewe, hubadilika. Weka daftari lenye jina la hadithi, tarehe uliyoipeleka, pahali, na jibu. Ikikataliwa, ndani ya siku mbili iwe imeshapelekwa kwingine. Usiifanyie marekebisho kila inapokataliwa. Wahariri watatu wakitaja kosa moja, hilo ndilo la kurekebisha.

Rudi kwa zile kumi na nne zako. Umesema tatu ulishazibandika mtandaoni: hizo ziingize kwenye sauti mwezi huu, hazina cha kupoteza. Kumi na moja zifungie. Ile ya kisima cha Kongowea, uliyonitumia aya mbili, ndiyo ya kutanguliza, na maneno yake 3,400 yanatosha kwa jarida, kwa sauti na kwa katuni. Lakini mstari wa tano umeandika mwezi wa kumi na nne, saa sita usiku, maji yamejaa mpaka ngazi ya mwisho. Isogeze iwe saa kumi alfajiri, muadhini awe njiani na tochi yake kwenda msikitini, halafu unitumie yote.